Neno la Kwanza ni Mali ya Serikali

Mgeni alifika wizarani tukiwa kwenye chai ya saa nne. Hakuwa na miadi, hakuwa na msafara, hakuwa na mtu wa kumbebea mkoba. Alisimama mbele ya Mzee Ndimbo, mlinzi wetu wa mlangoni, amekumbatia kisanduku cha bati, akasema kwa adabu kwamba ametoka nchi ya Tayari na ameleta kipandikizi.

Mzee Ndimbo akachungulia nyuma ya mgeni, kulia na kushoto.

"Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Huyo pandikizi uliyemleta."

"Si mtu. Ni kifaa. Kimo humu ndani."

Mzee Ndimbo akakitazama kisanduku kwa muda. "Siku hizi wamekuwa wadogo hivyo," akasema, kisha akampigia simu mkuu wa usalama.

Inabidi nieleze, kwa ajili ya wasomaji wa mbali, kwamba kwetu pandikizi ni mtu aliyetumwa na maadui aje akae katikati yetu, ale chakula chetu, kisha atuharibie uchaguzi. Hatujawahi kumkamata hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi wanavyoijua kazi yao. Ndiyo maana mgeni alikalishwa mapokezi kati ya askari wawili. Akapewa chai na maandazi, maana sisi ni watu wakarimu. Kisanduku nacho kikawekwa kwenye kiti chake chenyewe, chini ya ulinzi, nacho kikapewa chai.

Nchi yetu inaitwa Nasisije. Wazee wanasema jina hilo lilitokana na neno tulilolisema kabla hatujawa nchi. Tayari walitutangulia kupata uhuru, na sisi tulipoiona bendera yao ikipepea ng'ambo ya mpaka tukauliza kwa sauti moja: na sisi je? Tangu hapo hilo ndilo swali letu, wimbo wetu na mpango wetu wa maendeleo. Tayari walipojenga daraja, tulijenga refu kuliko lao, na sasa serikali inatafuta mto wa kupitisha chini yake. Tayari walipopata chuo kikuu cha pili, sisi tulikigawa cha kwetu vipande vitatu, tukawashinda kwa kimoja.

Basi ikasikika kwamba huko Tayari kuna mtu aliyekuwa amepooza mwili na ulimi, na madaktari wamempandikizia ubongoni kifaa kidogo kama punje ya mahindi. Sasa akitaka kusema neno, kifaa kinalisikia ubongoni kabla halijafika kwenye ulimi usiotii, kinalipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta inaliandika. Mtu huyo alikuwa amekaa kimya miaka mingi. Inasemekana jambo la kwanza alilolitamka lilikuwa kumwomba mkewe amkune mgongo.

Habari hizo zilitukosesha usingizi. Waziri wetu, Mheshimiwa Kisogo, alikwenda redioni na kuuliza kwa uchungu: "Na sisi je?"

Kila Mnasisije alijua kwamba hilo si swali. Ni namna yetu ya kuhema. Lakini watu wa Tayari wana tabia mbaya ya kujibu maswali, wakamtuma mtu.

* * *

Mtu huyo ndiye Daktari Sikudhani Mbogela, na mimi ndiye niliyetumwa kumtoa mapokezi, kwa sababu nilikuwa mtumishi mpya na hakuna mwingine aliyetaka kuonekana akitembea na pandikizi. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na shahada yangu ya lugha, katika kipindi cha majaribio, nikingoja kuthibitishwa kazini. Niliamini, na bado naamini, kwamba serikali ikipewa jambo jema italitenda, mradi tu ielezwe vizuri.

Daktari Sikudhani alikuwa rika langu. Alivaa viatu vya raba na alizungumza taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Nilimwonea wivu. Si wivu mbaya. Ni ule wa kawaida unaofundishwa shuleni kwetu katika somo la uraia.

"Nilidhani mmenialika," alisema tukipanda ngazi.

"Tumekualika sana," nikamjibu. "Ila hatukutarajia uje."

Wizara yetu ni Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana. Kamati ilikuwa imeketi tayari: Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Naibu Waziri, Katibu Mkuu Bwana Makeke, na wakurugenzi. Daktari alifungua kisanduku juu ya meza, akawaonyesha kile kifaa na nyuzi zake nyembamba kuliko unywele.

"Kipo kimoja tu," akasema. "Nahitaji mtu mmoja asiyeweza kusema."

Kisha Naibu Waziri akainua mkono taratibu.

"Mimi."

"Lakini unasema sasa hivi, mheshimiwa," alisema Daktari.

"Hapa nasema. Kwenye Baraza la Mawaziri siwezi kusema. Nafungua mdomo, maneno yako hapa," akagusa koo, "hayatoki. Yanatoka makofi."

Katibu Mkuu alikohoa. "Kama ni hivyo, mimi siwezi kusema mbele ya Naibu."

"Na mimi siwezi mbele ya Katibu Mkuu," alisema mkurugenzi wa mipango. Mkurugenzi wa utumishi akasema yeye hawezi mbele ya yeyote, tangu alipoajiriwa, na kwamba hata haya anayoyasema hana uhakika nayo. Dereva wa Waziri, aliyekuwa ameleta maji, aliomba radhi na kusema yeye kazini hana shida, ila nyumbani.

Nilimtazama Daktari. Alikuwa akigeuza shingo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kama mtu aliyeingia wodini akakuta wagonjwa ndio wamevaa makoti meupe.

Mheshimiwa Kisogo alisikiliza yote hayo huku uso wake ukizidi kukunjamana. Ilikuwa wazi kwamba anaumia kuona watumishi wake wanamzidi kwa ugonjwa.

"Ninyi mna kundi dogo la watu msioweza kusema mbele yao," akasema. "Mimi nasikika redioni kila siku, nchi nzima. Ni nani hapa aliwahi kunisikia nikisema kitu?"

Hakuna aliyekumbuka. Maneno yake mwenyewe yalipomrudia masikioni, Waziri alishtuka, akaagiza yafutwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Daktari alieleza kwa upole kwamba kifaa hakiwekwi kwa kumezwa. Mtu hunyolewa, ngozi hupasuliwa, fuvu hutobolewa kwa mashine. Aliposema "mashine" aliigiza kidogo mlio wake. Ugonjwa wa kamati ukapungua hapo hapo. Dereva alisema mke wake si mkali kiasi hicho.

"Basi asipewe mtu," alisema Naibu Waziri. "Kirudi kilikotoka."

"Naunga mkono," alisema Katibu Mkuu. "Tukikosa sote tutakuwa tumetendewa haki."

Hapo ndipo nilipoinua mkono. Nikasema mtaa wa jirani na wetu yupo Mwalimu Zamda, mstaafu, aliyepatwa na kiharusi. Anaelewa kila linalosemwa, macho yake yanacheka na kukasirika, lakini mwili na ulimi havimtii. Nikasema nadhani angefurahi.

"Zamda?" Waziri aligeuka. "Zamda wa Shule ya Msingi Mkupuo? Alinifundisha darasa la pili."

"Ni baraka, mheshimiwa," alisema Katibu Mkuu.

"Alikuwa anampa Makame kubeba boksi la chaki." Waziri alitazama dirishani. "Kila siku Makame. Mimi nilikuwa nakaa mbele kabisa, mkono juu. Makame."

Tukangoja. Maendeleo ya taifa yalikuwa yamesimama kwenye boksi la chaki, na sikujua yataelekea wapi.

"Apewe," alisema Waziri mwishoni. "Lakini na mimi niwekewe. Mwalimu ndani, mimi nje. Hii ni Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana, na kitu kilichofichwa ndani ya fuvu hakionekani."

Daktari aliuliza cha kuweka nje kitatoka wapi. Bwana Makeke, ambaye hajawahi kushindwa na swali la aina hiyo, alitoka na kurudi na plasta.

* * *

Plasta ya Waziri ilibandikwa nyuma ya sikio la kulia. Jioni yake alionekana kwenye televisheni akipokea wageni na kugeuza kichwa upande kila kamera ilipomsogelea. Hakusema amewekewa kifaa. Aliulizwa, akatabasamu.

Asubuhi iliyofuata wakurugenzi wote walikuja na plasta. Wiki haikuisha kabla plasta haijashuka kwa makarani, walimu wakuu, makondakta, hadi kwa maharusi. Wauza dawa waliuza plasta wakaacha kuuza dawa. Bibi mmoja jirani yangu alimkatalia mchumba wa mjukuu wake kwa kuwa alikuja kuposa sikio tupu. "Kijana hana hata kidonda," alisema, "atamlisha nini mtoto wa watu?"

Ikabidi serikali iingilie kati. Waraka ulipanga ukubwa wa plasta kulingana na cheo, ili wananchi wajue nani ana akili kiasi gani. Naibu Waziri, ambaye hakuweza kuvumilia, alikuja siku moja na bandeji iliyozunguka kichwa chote na kufungwa fundo juu ya paji. Ilikuwa nzuri kweli. Waziri aliitazama kikao kizima bila kusikia kinachojadiliwa. Siku ya pili Naibu alihamishiwa Wizara ya Visiwa. Nasisije haina visiwa, lakini Tayari wanavyo viwili.

Wakati huo huo, bila mtu kuangalia, Mwalimu Zamda alifanyiwa upasuaji. Daktari Sikudhani aliufanya pamoja na madaktari wetu wenyewe, na napenda lijulikane kwamba madaktari wetu walifanya kazi safi. Hawakuwa na plasta hata mmoja. Nilipowauliza walisema zimekwisha, hata wodini.

Kompyuta ya kuandikia maneno ilikuja na spika ya kuyatamka, ili mgonjwa asikike. Kwa bahati mbaya Spika wa Bunge alisikia kwamba kuna spika nyingine imeingia nchini na inasemea watu. Aliiita ofisini kwake ijieleze. Haijarudi. Kwa hiyo ikabaki skrini, na kwa kuwa ilihitajika sauti ya kusoma kilichoandikwa, Katibu Mkuu akaniteua mimi kuwa Afisa Msomaji wa Skrini.

"Hii ni nafasi yako, binti," aliniambia. "Siku ya uzinduzi ikipita salama, nakuthibitisha."

* * *

Mwalimu Zamda alikaa kwa mwanawe, kwenye nyumba ya chumba na ukumbi yenye kibaraza. Mwanawe huyo, Faraji, alikuwa mabondeni kwenye mashamba ya miwa, akirudi mara chache. Aliyemwogesha mama, kumlisha uji na kumgeuza ubavu ni mke wa huyo mwana, Mwanaheri, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiolala.

"Karibuni wizara," alitupokea siku ya kwanza. "Piteni na maendeleo yenu, angalieni tu msiyakanyage, kuna mtoto wa jirani ameyamwaga hapo mlangoni."

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, wakasemezana kama waliokua pamoja, na mimi nikakaa pembeni na skrini yangu, wivu ukinitafuna.

Kazi ilianza. Mwalimu alikaa kwenye kiti chenye mito, kichwa kimenyolewa, macho makali kama ya mtu anayesahihisha madaftari. Daktari alimwomba afikirie kusogeza doa jeupe kwenye skrini. Doa likasogea. Alimwomba alipeleke juu, likaenda juu. Nilihisi machozi yananilenga. Mwanaheri alitazama akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Kesho," alisema Daktari, "tutaanza maneno."

Hapo nilipaswa kutoa maelekezo niliyopewa. Nilisimama wima nikayasoma, kwa kuwa niliona aibu kuyasema kwa kichwa. Yalisema kwamba mgonjwa hataruhusiwa kuandika neno lolote kabla ya uzinduzi, kwa kuwa neno la kwanza ni mali ya serikali. Maana neno la kwanza likishatoka chumbani, waziri atazindua nini?

"Amekaa bila kusema muda wote huu," alisema Daktari, "na sasa anaweza, na ninyi mnamwambia asubiri mahema ya sherehe?"

"Mahema yameshaagizwa," nikamjibu, na nilijua kwamba si jibu.

"Atasema nini hiyo siku?"

"Atasema 'Ahsante Mheshimiwa'. Limeshapitishwa."

Mwalimu Zamda alinitazama. Sijawahi kufundishwa naye, lakini nilihisi kama nimeitwa mbele na kazi ya nyumbani sikuifanya.

Kwa hiyo tulifundisha herufi bila maneno. Daktari alimwonyesha A, Mwalimu akaichagua kwa mawazo yake, ikafutwa. B, ikafutwa. Ilikuwa kama kumfundisha mtu kupika bila kuwasha moto.

Siku moja Mwanaheri alinifuata uani nilipokuwa nanawa mikono. Alikuwa hana mzaha.

"Dada yangu, wewe ndiye utakayesoma?"

"Ndiyo, mimi."

"Nataka nikuambie kitu, usinicheke. Mimi na mama hatukuwa tunapatana. Tulikuwa tunaoneana wivu. Yeye kwa mwanawe, mimi kwa mume wangu. Mtu mmoja yule yule, tunamgombania kama wawili. Nikimpikia chai Faraji, mama anapika yake nzito zaidi. Mama akimshonea kifungo, mimi nakikata nashona upya." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Kuna siku tulitupiana maneno. Kesho yake asubuhi nikapita mbele yake sikumwamkia. Nikampita kama nguzo. Mchana wake akaanguka."

Nikaacha kunawa.

"Tangu hapo namwamkia kila kukicha. Napiga goti kabisa. Shikamoo mama. Ananitazama. Basi. Hapa mtaani wanasema mama mkwe amemnyima marahaba. Na mimi mwenyewe sijui. Sijui kama hawezi, au hataki."

Kuku alipita kati yetu, akasimama, akaendelea.

"Siku hiyo," alisema, "mimi nitakuwa huko nyuma na kina mama wa vikombe, siyo? Sitaiona skrini. Kwa hiyo nisomee. Chochote atakachosema, kiwe cha kwangu au si cha kwangu, hata kama ni kunitukana. Usikiongezee chumvi wala usikipunguze. Nyie watu wa wizara mna tabia ya kuongezea."

"Nitakusomea kila neno," nikasema. "Kama lilivyo."

"Naahidiwa na wengi."

"Na mimi nakuahidi."

* * *

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa taifa, na sijawahi kuona nchi yangu ikipendeza vile. Mahema meupe, bendi ya magereza, viongozi kwa mistari kulingana na ukubwa wa plasta. Skrini kubwa ilielekezwa meza kuu, kwa kuwa itifaki inasema kiongozi ndiye anayeanza kuona. Wananchi waliona mgongo wa skrini, ambao ulikuwa umepakwa rangi za bendera. Nyuma yao kabisa, penye majiko ya chai, nilimwona Mwanaheri kasimama juu ya kreti ya soda.

Mwalimu Zamda alivalishwa kanga mpya yenye picha ya Waziri. Kiti chake kiliwekwa pembeni ya jukwaa, mimi nikiwa kulia na maikrofoni, Daktari kushoto na kompyuta.

Waziri alihutubia. Alisema zamani Mnasisije alikuwa anafikiri halafu anasema, jambo lililopoteza muda mwingi wa taifa. Alisema sasa tutafikiri moja kwa moja. Alisema Tayari wana mtu mmoja tu mwenye kifaa, na sisi, akagusa sikio, tunao wangapi? Umati uligusa masikio yake. Makofi yalichukua muda.

"Na sasa," alisema, "mwalimu wangu atanishukuru."

Mwalimu alifumba macho, akafumbua. Herufi ya kwanza ikatokea.

M.

"Em," nikasoma.

Waziri alitikisa kichwa kwa kukubali, maana Mheshimiwa huanza hivyo hivyo. Kwamba "Ahsante" limerukwa hakujali, ni mgonjwa.

A.

Nilimwona Bwana Makeke akipatwa na wasiwasi mdogo, kisha akainamia sikio la Waziri: "Maendeleo." Waziri alitabasamu.

R.

"Marafiki," alinong'ona Katibu Mkuu. "Marafiki wa Tayari, pengine." Tabasamu la Waziri lilipungua. A. "Maradhi. Anaeleza alikotoka." H. Bwana Makeke hakuwa na neno tena. Herufi zilizobaki zikaja kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi.

Nikainua maikrofoni nikasoma: "Marahaba."

Neno hilo, wasomaji wangu, halijitokezi lenyewe. Marahaba ni jibu. Mdogo humwamkia mkubwa, mkubwa huitikia. Na uwanja mzima ulikuwa umeona kwamba Mheshimiwa Waziri alipopanda jukwaani alimpita mwalimu wake akampungia mkono wapiga picha. Mwanafunzi hajaamkia, mwalimu ameitikia. Mahali fulani kwenye mstari wa plasta ndogo mtu alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi, kikohozi kikaambukiza.

Uso wa Waziri uliingia giza. Hapo ndipo Bwana Makeke alipodhihirisha kwa nini ni Katibu Mkuu. Alinyakua maikrofoni ya pili.

"Ndugu wananchi, mmeshuhudia historia. Mheshimiwa Waziri alimwamkia mwalimu wake kwa ubongo. Kimya kimya, kifaa kwa kifaa. Mwalimu ameipokea salamu na kuijibu. Tayari hawajafika hapo."

Bendi ililipuka. Watu wakashangilia, wakigusa masikio yao na kutazamana kwa kukaza macho, kila mmoja akijaribu kumsalimu mwenzake. Waziri aliinua kichwa polepole. Aligusa plasta yake, na kwa jinsi alivyoigusa nadhani alikuwa ameanza kuamini.

"Ili iingie kwenye taarifa," aliendelea Bwana Makeke, "Afisa Msomaji, aliyekuwa akiitazama skrini muda wote, atathibitisha kwamba aliiona salamu ya Mheshimiwa ikipita." Aliniinamia, mkono juu ya maikrofoni, akaongeza kwa sauti ya baba: "Thibitisha, nawe uthibitishwe. Ni neno moja tu la kuongeza, binti. Shikamoo. Halitamdhuru mtu."

Nilifikiri kweli. Nilifikiri juu ya mama yangu, ambaye ameshawaambia majirani kwamba nimethibitishwa. Nilifikiri kwamba neno la salamu ni zuri, na kwamba pengine kama Waziri angekuwa na kifaa angemwamkia mwalimu wake. Nilimtazama Mwalimu Zamda. Hakuwa akinitazama mimi, wala Waziri. Macho yake yalikuwa yamepita kando ya skrini, juu ya vichwa vya watu, yakaenda mbali.

"Salamu ya Mheshimiwa sikuiona," nikasema. "Kwenye skrini limeandikwa neno moja. Nimeshalisoma."

Maikrofoni yangu ilikuwa imewashwa.

Hawakunifanyia ubaya, napenda hilo lijulikane pia. Bwana Makeke alinivua kitambulisho shingoni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akijali nisivutwe nywele, akasema barua itakuja. Askari wawili walisogea kwa Daktari Sikudhani na kumwambia kwa heshima kwamba viza yake imechoka. Akasema sawa, ila wamwache hadi herufi zimalizike, kwa kuwa mgonjwa wake bado anaandika.

Kweli, alikuwa bado anaandika. Bendi ilikuwa ikipiga, watu wanacheza, na kwenye skrini ambayo umati haukuweza kuiona, herufi zilijipanga moja baada ya nyingine. Waziri aliona kabla yangu.

Mwanangu.

Mheshimiwa Kisogo aliinuka nusu. Alifunga kifungo cha koti. Midomo ilimcheza, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtoto wa darasa la pili aliyekaa mbele kabisa, mkono juu, na mwalimu amemtaja yeye. Kisha akayafuata macho ya Mwalimu. Akageuka, akatazama yanakoelekea, kupita mahema na mistari ya viongozi, hadi penye majiko ya chai, juu ya kreti ya soda. Akamwona mwanamke mwembamba ambaye hamjui. Alimtazama kwa kijicho ambacho hakuna plasta iliyowahi kutengenezwa ya kukifunika, akakaa chini.

Maikrofoni walikuwa wameichukua. Nikashuka jukwaani nikapita katikati ya wachezaji, nikisukumwa huku na huku, shingo yangu ikiwa nyepesi bila kile kitambulisho. Mwanaheri aliniona nikija, akashuka kwenye kreti. Mikono yake ilikuwa na majani ya chai.

"Nimesikia lile la kwanza," akasema. "Wanasema ni la Waziri."

"Kuna la pili."

"Usiongeze, dada yangu. Uliniahidi."

Bendi ilikuwa karibu sana. Nikamwinamia sikioni nikamsomea yote mawili, kama yalivyoandikwa: "Marahaba, mwanangu."